Ubaharia na Kadari

Neno ubaharia, katika kinywa cha Mswahili, halikomei kwenye kazi ya kupanda chomboni na kupokea ujira. Kwani kama vile utu usivyokuwa kuwa na mikono na miguu tu, wala uungwana kuwa na nasaba tu, ndivyo ubaharia nao ulivyo sifa ya moyo kabla ya kuwa ufundi wa mkono.

Vijana wa mijini siku hizi humwita baharia mtu mjanja asiyefungwa na ahadi, ashukaye kila bandari na kuondoka bila ya kuaga. Maana hiyo haiwatendei haki wanamaji, maana chomboni hapana aliyefungwa kuliko baharia: kila kamba aishikayo imeshika na roho za wenzake. Na nahodha mwenyewe, ambaye jina lake tulilitwaa kwa Waajemi, na maana yake kwao ni bwana wa chombo, ndiye ajuaye kuliko abiria wote kwamba yeye si bwana wa upepo. Kwani kaskazi huja mwisho wa mwaka na kusi hushika kuanzia Aprili, wala hapana mali wala cheo kiwezacho kuziharakisha pepo hizo hata kwa siku moja.

Hapa ndipo linapozuka suala la kadari. Wahenga walisema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani, na wako waifanyao methali hiyo hoja ya kukunja mikono, wakidhani kwamba hiyo ndiyo tawakali. Lakini natuangalie husemwa wapi, na wakati gani. Husemwa nchi kavu, baada ya msiba, kumliwaza mjane na kumpunguzia nahodha aliyeokoka lawama aliyojitwika mwenyewe. Haisemwi katikati ya maji, usiku wa tufani, tanga limekwisha kutuliwa, vijana wakipokezana kufua maji ya ngama, na mshika usukani hathubutu kupepesa jicho. Asemaye maneno hayo saa hiyo si mchamungu, bali ni mtoro aliye bado chomboni.

Kwa hiyo kuamini kadari na kushika usukani havigombani, kwa sababu yaliyoandikwa ni ghaibu, na hapana baharia aliyepata kuonyeshwa, kabla ya kuzama, kwamba chombo chake kimeandikiwa kuzama. Maadamu hajui, faradhi yake haijamwondoka. Na akiisha kuitimiza, ndipo anapokuwa na haki ya kupata faraja ya kadari. Mama akeshaye na mwanawe mgonjwa, akimpa dawa kwa saa zake na dua kati ya saa hizo, huyo ana ubaharia kamili, ijapokuwa alizaliwa bara na hajapata kuiona bahari.