Nani Kasema Kibera Ni Milioni?

Kwa miaka mingi Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ilisemekana kuwa na watu milioni moja. Magazeti yaliandika hivyo, mashirika ya misaada yakakariri, wageni wakarudi kwao wakisimulia. Kisha matokeo ya sensa ya Kenya ya 2009 yakatoka: 170,070.

Hesabu ya vidole ingetosha kutia shaka mapema. Kibera ina takriban kilomita 2.5 za mraba. Ukiwapanga humo watu milioni, kila mmoja anapata mita mbili na nusu za mraba, na bado hujatoa njia, mitaro na reli.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume huita mutawatiri habari iliyopokewa na wengi kiasi kwamba hawawezi kuwa wamekula njama. Lakini wingi huo ni wa njia zinazojitegemea. Watu mia wakimnukuu mmoja, msimulizi bado ni mmoja. Milioni ya Kibera ilikuwa na midomo mingi na isnadi, yaani mlolongo wa wasimulizi, fupi.

Basi sensa iaminiwe tu? Msimulizi hupimwa kwa mambo mawili, uadilifu na dhabti, yaani umakini wa kushika alichosikia. Karani wa sensa anaweza kuwa mwadilifu kabisa. Anafika kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, anakuta kufuli mlangoni. Jirani anayefua nguo anamwambia, "Humo wako wanne, labda watano." Fomu haina nafasi ya "labda". Anaandika wanne, na tangu hapo jirani katoweka kwenye isnadi, imebaki serikali. Watafiti wa mradi wa Map Kibera nao walikadiria watu 235,000 hadi 270,000.

Sampuli nayo ina balaa lake. Ukihoji kaya 30 za mtaa mmoja, nusu zikasema zina maji, kosa la bahati nasibu peke yake laweza kufika asilimia 18 juu au chini, hata wahojaji wangekuwa mawalii.

Biblia yenyewe ina sensa yenye matokeo mawili. Samweli wa Pili inasema Yoabu, jemadari wa Mfalme Daudi, alizunguka miezi tisa na siku ishirini, akamletea Daudi wapiganaji 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda. Mambo ya Nyakati ya Kwanza inataja 1,100,000 na 470,000, kisha inaongeza jambo ambalo ripoti za takwimu huona haya kulitaja: Walawi na Wabenyamini hawakuhesabiwa, kwa kuwa amri ya mfalme ilimchukiza Yoabu.