Kidonda Kimeingia Wodini, Umeandika Nini?

Kijana ameletwa saa mbili asubuhi. Pikipiki ilimtupa njia ya Muhange, akalazwa nyuma ya gari lililobeba magunia ya maharage, akafika kwako muundi umepasuka na mfupa unachungulia. Umemwosha. Umemfunga. Umemchoma sindano, umeandika rufaa, umehangaika na simu kutafuta gari la wagonjwa. Hongera, kazi umeifanya.

Kisha ukafungua daftari, ukaandika neno moja: ajali.

Neno moja!

Aliumia saa ngapi? Kidonda kilikuwa na urefu wa sentimita ngapi? Sindano ya kwanza ya antibayotiki aliipata baada ya muda gani? Alifika hospitali ya rufaa ya Bugando, au ndugu zake walimshusha njiani wakampeleka kwa mfunga mifupa? Miezi sita baadaye anatembea, anachechemea, au mguu umeshakatwa?

Hujui.

Na kama hujui wewe uliyeushika ule mguu, nani mwingine atajua?

Nakuandikia wewe, tabibu wa Kakonko. Wewe, nesi wa Kibondo unayefunga vidonda mpaka mgongo unakakamaa. Wewe, daktari kijana uliyepangiwa Kasulu na bado unahesabu siku za kuhama. Nakuandikia kwa hasira ya ndugu, kwa sababu umelala juu ya hazina huku unalalamika kwamba huna pa kulala.

Najua utakachosema. Utafiti ni wa maprofesa wa Muhimbili. Utafiti ni wa wazungu wenye vishikwambi. Sisi huku ni mwisho wa reli. Ndugu yangu, mwisho wa reli ni Kigoma mjini. Kakonko hata hiyo reli hatukuiona. Kwa hiyo? Wagonjwa wanakuja kwa reli?

Ngoja nikukumbushe habari ya nyumbani.

Katikati ya miaka ya 1980, wakati nchi nzima inapanga foleni ya sukari na sabuni, Godfrey Mbaruku alikuwa daktari wa uzazi katika hospitali ya mkoa, hapo hapo Kigoma. Akina mama walikuwa wanakufa wakijifungua. Angeweza kusema hakuna dawa, hakuna damu, serikali haina fedha. Yote yangekuwa kweli. Badala yake yakafunguliwa madaftari ya mwaka 1984 hadi 1986, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni aibu tunayoifahamu wote: mengi hayakuwa yameandikwa.

Kutoka hapo ilitengenezwa orodha ya mambo 22 ya kurekebisha. Mambo 22 ya kawaida kabisa. Kukaa pamoja mara kwa mara na kuchambua kazi yao bila kufichana. Vifaa vitunzwe kwa ratiba. Watumishi wafundishwe wakiwa kazini. Damu ipatikane. Watumishi muhimu wasikae mbali na hospitali. Dripu zitengenezwe hapo hapo, kwa mtambo mdogo. Malalamiko ya wananchi yasikilizwe. Wenyeji wachangie fedha. Kisha, na hapa ndipo ulipo utafiti wenyewe, wakafuatilia matokeo mwaka hadi mwaka, kuanzia 1987 hadi 1991.

Vifo vilikuwa 933 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Vikashuka hadi 186.

Soma tena. 933. Halafu 186.

Mwaka 1995 yeye na Staffan Bergström wa Sweden wakayachapisha hayo katika jarida la kimataifa, na mpaka leo watu wa mbali wanasoma habari za Kigoma kujifunza. Dunia imejifunza kwa Kigoma. Wewe uliye Kigoma unasubiri kujifunza kwa nani?

Au unasema cheo chako ni kidogo? Tanzania ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi kufanya upasuaji mkubwa wa uzazi mwaka 1963, na kwa miaka mingi wakubwa walikuwa wakiwaangalia kwa jicho la mashaka. Mwaka 2009 ukatoka utafiti uliopitia zaidi ya operesheni 1,000 za uzazi katika hospitali za Kigoma na Mwanza, Mbaruku akiwa mmoja wa waandishi. Ukakuta hakuna tofauti ya maana kati ya kazi ya daktari msaidizi na ya daktari mwenye shahada. Kilichonyamazisha dharau kilikuwa ni rekodi za watu wa wilayani, watu wa cheo chako.

Sasa turudi kwenye ule mguu.

Mfupa ukibaki wazi umekauka, ngozi ya kupandikiza haishiki juu yake, kama mbegu isivyoota juu ya jiwe. Unahitaji nyama iliyo hai. Muundi ukiumia juu, karibu na goti, daktari anaweza kugeuza msuli wa shavu la mguu akaufunika. Ukiumia chini, karibu na kifundo, nyama ya kugeuza ni haba. Hapo ndipo inabidi kukata kipande cha ngozi na nyama pajani au mgongoni, pamoja na mishipa yake ya damu, na kukishona mguuni mshipa kwa mshipa chini ya hadubini. Ni kama kuhamisha chipukizi la mgomba: uling'oe bila mizizi, limekufa. Mishipa yenyewe ina upana wa milimita chache tu. Uzi wake ni mwembamba kuliko unywele wako.

Umeogopa? Usiogope. Sikiliza ujuzi huo ulianzia wapi.

Mwaka 1894 rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon, mshipa mkubwa ukakatika tumboni, akafa kwa sababu hakuna daktari aliyejua kushona mshipa wa damu. Kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari, Alexis Carrel, hakukubali. Alikwenda kwa mama mmoja fundi wa kudarizi, akafundishwa kushika sindano nyembamba na uzi laini. Mwaka 1902 akatangaza mbinu yake: weka nyuzi tatu kwenye mdomo wa mshipa, zivute, duara linageuka pembetatu, na sasa unashona mistari iliyonyooka. Mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa fundi wa kudarizi!

Mama yako ana vitambaa vya makochi alivyodarizi mwenyewe. Shangazi yako anatunga uzi kwenye sindano gizani. Umekulia kwenye nyumba yenye ujuzi uliomfikisha mtu kwenye Nobel, halafu unaniambia Kakonko hakuna kitu?

Na Harry Buncke wa Marekani, ambaye wenzake walimwita baba wa upasuaji huu, alianza mazoezi kwenye gereji ya nyumba yake. Alishona masikio ya sungura yakaoza, akashona tena. Mwaka 1966 akaripoti kwamba amehamisha kidole cha mguu cha nyani na kukifanya kidole gumba cha mkono. Gereji, ndugu yangu. Wewe una stoo.

Leo mafunzo ya mwanzo ya kushona mishipa midogo hufanyika kwenye paja la kuku. Ndiyo, kuku huyu huyu. Nunua paja sokoni, bichi, kabla halijaingia chungu. Tenganisha misuli taratibu, utaona mshipa wa damu ukipita kando ya neva nyeupe, milimita 2 hivi. Simamisha simu juu ya vitabu viwili, vuta kamera karibu, angalia mikono yako kwenye kioo cha simu. Tumia uzi wowote mwembamba uliobaki. Mara ya kwanza mkono utatetemeka na mshipa utachanika. Mara ya kumi na tano utashangaa. Kisha pika, ule. Hakuna darasa la bei rahisi kama hilo, na sijui kwa nini tunalionea aibu.

Hutakuwa daktari bingwa kwa kushona kuku. Sikudanganyi. Lakini siku nafasi ya masomo ikitokea, utaingia na mikono iliyoamka.

Tatizo ni kwamba unasubiri. Unasubiri ufadhili. Unasubiri semina yenye posho. Unasubiri mtafiti aje na gari jeupe. Wameshakuja, umewaona, kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofunguliwa hapa Kakonko Januari 2016 wageni walihesabu kaya, wakahesabu vyoo, wakahesabu watoto. Wewe je, umehesabu nini?

Babu zetu Waha waliondoka huku kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Kila mtu na namba yake kwenye kitabu cha mwenye shamba. Karne nzima tumehesabiwa na wengine. Lini tutashika kalamu sisi?

Nitakuambia kwa nini jambo hili linaniuma. Niliwahi kukaa kwenye benchi la hospitali moja, siitaji, pembeni ya mama aliyempakata mtoto wa miaka kama minne. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umejikunja, vidole vyote vitano vimeshikana na kiganja kwa kovu. Aliangukia kwenye mafiga akiwa anatambaa. Kidonda kilipona, mama akaambiwa amshukuru Mungu. Hakuna aliyemwambia kwamba mkono ule ungefungwa umenyooka, kwa kipande cha ubao tu na bandeji, kovu lisingevuta vile. Nilichungulia daftari la siku ya kuungua alilokuwa analipekua nesi. Mstari wake ulisema: moto, amepona.

Amepona!

Hajawahi kushika kijiko, lakini daftari linasema amepona.

Mikono kama hiyo ni mingapi Kakonko? Mingapi ilifungwa imenyooka, mingapi ilifungwa imekunjwa? Hilo ni swali la utafiti. Halihitaji hadubini. Linahitaji daftari la kaunta, rula na mtu anayekasirika.

Chora mistari leo. Tarehe na saa aliyoumia. Saa aliyofika. Kilichomuumiza. Mahali pa kidonda na ukubwa wake kwa sentimita. Mfupa unaonekana au hauonekani. Dawa ya kwanza, saa ngapi. Alikopelekwa. Simu ya mgonjwa na ya jirani, maana simu ya mgonjwa itazimika. Halafu safu pana kuliko zote, ile tusiyoiweka: hali yake baada ya mwezi, miezi sita, mwaka. Vitabu vya MTUHA, vile vya taarifa za huduma za afya, viendelee kujazwa kama vinavyotakiwa. Hili ni la ziada, la kuboresha kazi yako, na lifungiwe kabatini kwa ufunguo kwa sababu ni siri ya mgonjwa.

Hiyo safu ya mwisho ndiyo ngumu. Pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Billy Haonga na wenzake walifuatilia watu wazima 240 waliovunjika muundi kidonda kikiwa wazi, wakilinganisha chuma cha ndani ya mfupa na vyuma vya nje. Mwaka ulipokwisha walikuwa nao 221. Watu 221 katika 240, ndani ya Tanzania hii yenye namba za simu zinazobadilika kila msimu! Matokeo yakachapishwa 2020: kufa au kurudishwa chumba cha upasuaji hakukutofautiana kwa kiasi cha kutangaza mshindi, ila wa chuma cha ndani walijisikia nafuu mapema zaidi na mifupa yao ikanyooka vizuri zaidi. Daktari mwenye vyuma vya nje tu sasa anajua asijidharau, na serikali inajua inanunua nini ikinunua vya ndani.

Lakini hao ni waliofika Dar es Salaam. Huyu wako wa Muhange, aliyelala njiani na mfupa wake nje, yuko kwenye hesabu ya nani?

Yuko kwenye yako. Au hayuko popote.

Sehemu moja tu nakuomba usiwe na haraka. Ukitaka kutoka kwenye kuboresha kazi na kuingia kwenye utafiti wa kuchapisha, tafuta kibali cha maadili kwanza, kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au chuo chenye kamati yake. Mweleze mgonjwa kwa Kiha kama Kiha ndicho anachokielewa, mpaka aweze kukataa bila woga. Asiyeweza kukataa hajakubali. Andika kwa mwalimu wako wa zamani, mwambie una vidonda 60 vilivyoandikwa vizuri vyenye majibu ya miezi sita. Uone kama hatakupigia simu usiku huo huo.

Utasema wagonjwa ni wengi na watumishi ni wawili. Kweli. Mstari mmoja ni dakika tatu. Jana ulitumia dakika ngapi kwenye simu ukibishania Simba na Yanga?

Utasema utaanza Januari. Januari ina nini? Vidonda vya Januari vitakuwa vitamu zaidi?

Utasema daftari la kaunta huna. Duka lililo mbele ya geti linauza.

Amka, ndugu yangu. Magari ya Nyakanazi yameanza kupita, na pale kwenye benchi ameshakaa mtu wa kwanza, kanga imefungwa mguuni na imelowa. Chukua rula. Mwulize aliumia saa ngapi.

Andika.