Haya ya mama mzazi: Tunailinda au tunaisingizia?



Usiku mmoja wa masika simu yangu iliita. Alikuwa baba mmoja wa kijiji cha milimani, huku kwetu Same. Mkewe alikuwa na uchungu tangu alfajiri, mkunga wa jadi amekwisha kata tamaa, na habari zilizowafikia ni kuwa daktari wa zamu ni mwanamume. "Mwalimu," akaniuliza, "inafaa?"

Nilimjibu inafaa, amshushe haraka. Lakini nakiri kuwa kwanza nilisita, nikitafuta maneno. Vijana walimbeba mama yule kwa machela gizani, njia ikiteleza, hadi walipoifikia gari. Mama aliokolewa kwa upasuaji. Mtoto tulimzika kesho yake. Tangu siku ile najiuliza: haya tuliyokuwa tukiilinda kutwa nzima, tuliilinda kweli au tuliisingizia?

Tuanze na wakunga wa jadi. Hatuna haki ya kuwadharau. Bibi zetu wa Chome, Suji, Mbaga na Vudee walijifungulia mikononi mwao. Mkunga alikuwa mwanamke, jirani, mtunza siri, na sitara ya mzazi ilikuwa salama kwake. Lakini mtoto akilala vibaya tumboni, damu ikikataa kukatika, au kikizuka kifafa cha mimba, mkunga huyo hana dawa wala chumba cha upasuaji. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004/05 ulionyesha kuwa wanawake 47 tu katika kila 100 walijifungulia kwenye vituo vya afya. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta ni 81. Makadirio ya vifo vya uzazi katika tafiti hizo mbili yameshuka kutoka 578 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hiyo ni neema, na neema hushukuriwa kwa kuitumia.

Sheria yetu haikutuacha gizani. Suratul Maidah, aya ya 32, inatufundisha kuwa anayeihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote. Na wanazuoni wameweka kanuni mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza: dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Ya pili: dharura hupimwa kwa kiasi chake. Yule baba alikuwa ameisahau ya kwanza. Hospitali nazo zisisahau ya pili: pazia lifungwe, shuka iwepo, muuguzi wa kike awepo, na mama aelezwe anachofanyiwa na aombwe ridhaa.

Wapo watakaosema wanawake wamewahi kudhalilishwa kwa jina la tiba. Ni kweli. Huko Alabama, Marekani, katika miaka ya 1840, daktari J. Marion Sims alitafuta njia ya kutibu fistula, maradhi ya kuvuja mkojo yanayoletwa na uchungu wa muda mrefu. Aliwafanyia majaribio wanawake watumwa, wakiwemo Anarcha, Betsey na Lucy, bila nusukaputi. Anarcha alipasuliwa takriban mara 30. Watumwa hawakuwa na uwezo wa kukataa. Mwaka 2018 sanamu ya Sims iliondolewa Central Park, New York. Basi hofu ya mama juu ya mwili wake si ujinga. Ila dawa yake si kumfungia ndani. Fistula yenyewe humpata zaidi yule aliyecheleweshwa nyumbani.

Na tatizo hili si geni kwa Waislamu. Miaka elfu moja iliyopita, Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, aliandika katika Kitab al-Tasrif juu ya mwanamke mwenye staha anayehitaji kupasuliwa ilhali tabibu wa kike hakuna. Hakusema aachwe afe. Alishauri atafutwe mkunga hodari afanye kazi kwa maelekezo ya tabibu. Aliandika pia mafunzo kwa ajili ya wakunga na kuchora vifaa vya uzazi. Yaani alijibu haya kwa elimu.

Sisi tunaijibu kwa nini? Baba anadai daktari wa kike kwa mkewe, lakini bintiye anamwachisha shule akiwa kidato cha pili, eti msichana elimu ya dini inamtosha. Huyo anataka kuvuna shamba asilolima. Kuwepo madaktari na wakunga wa kike wa kutosha ni fardhi kifaya. Wasipopatikana, dhambi haimwangukii yule daktari wa zamu, inatuangukia sote tulioweza na hatukufanya. Tunachangishana kwa ajili ya minara ya misikiti, na ni vizuri. Je, ni misikiti mingapi imemlipia ada binti mmoja wa masomo ya sayansi?

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye mke mjamzito, suala hili lizungumzeni mchana, si usiku wa uchungu. Mpeleke kliniki, weka akiba ya nauli, jueni mapema atajifungulia wapi. Milima yetu haingojei mtu atafute fatwa.

Na sisi walimu wa dini tuyaseme haya darsani na kwenye minbari kabla simu haijaita. Mimi niliyasema nikiwa nimechelewa.

Wabillahi tawfiq.