Saa Nane za Entebbe

Mshenga akichelewa kwenye posa, watu hucheka. Akichelewa huku barua ya posa imo mfukoni mwake, hakuna anayecheka. Shemeji yangu alichelewa hivyo, na sababu ilikuwa koti.

Tulitoka Dar es Salaam alfajiri ya Ijumaa kwenda Bujumbura kumposea mpwa wetu binti wa Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili ambako hata mgeni wa Kigoma hajioni mgeni. Posa ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tiketi za bei nafuu zilitupitisha Entebbe: kutua saa tatu asubuhi, kuondoka saa kumi na moja jioni. Ndege ilikuwa haijasimama vizuri shemeji alipoanza kufungua mkanda.

"Shemeji, saa nane hizo! Tunaingia Kampala, nachukua koti langu soko la Owino, tunarudi na chai tunakunywa."

Saa nane ni za kwenye tiketi. Kushuka, kupanga foleni ya uhamiaji, kuonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kugongewa pasi na kubadilisha vijisenti, saa moja imekwenda. Kurudi uwanjani unatakiwa saa mbili kabla ya ndege. Zimebaki tano. Kampala iko kilomita arobaini hivi kutoka Entebbe, na tatizo si hizo arobaini. Barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2018 ni laini, gari linateleza, mpaka unapofika inapoishia Busega. Hapo ndipo unapokutana na Kampala yenyewe: magari, daladala wanazoziita "takisi", bodaboda kila upenyo, na hakuna anayekwenda.

Nilimwambia hayo? Hapana. Nilimwambia goti linaniuma. Goti ndilo lililoniokoa, si busara, na sipendi kujifanya nilikuwa na busara siku ile.

Nikachukua bodaboda hadi kwenye bustani ya mimea, mwendo mfupi tu kutoka uwanjani. Entebbe ni mji mdogo uliokaa kwenye rasi, ziwa limeuzunguka karibu pande zote, na jina lake kwa Kiganda ni kiti: inasemekana chifu mmoja, Mugula, alikuwa akikalia kiti chake hapo kuamua kesi. Waingereza nao wakaona pakaliwe, wakapafanya makao ya serikali yao. Bustani waliianzisha mwaka 1898 kujaribia mpira na mazao mengine ya biashara, na miti imekaa hapo hadi imesahau ililetwa kwa kazi gani. Nililipa kiingilio, nikateremka taratibu kuelekea majini. Juu yangu mbega wawili walikuwa wamekaa kwenye tawi, mikia myeupe imening'inia kama mapazia, wakitafuna majani bila haraka yoyote. Mmoja alinitazama chini, akaona sina lolote la maana, akaendelea kula.

Pale kwenye nyasi, miguu nimeinyoosha, nilimkumbuka abiria mwingine aliyewahi kukwama mji huu. Februari 1952, Elizabeth, siku ileile aliyopata habari akiwa Kenya kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia, aliletwa Entebbe kuunganisha ndege ya London. Radi na mvua ya ziwani zikamweka uwanjani kwa saa kadhaa. Malkia mzima, na mvua haikumwogopa.

Karibu na bustani kuna hifadhi ya wanyama, ambayo wenyeji bado wanaiita zuu. Nilikwenda kwa ajili ya ndege mmoja tu, yule mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao, anayesimama hatikisiki hadi unadhani amechongwa. Nilisimama naye robo saa. Yeye ndiye aliyeshinda. Kisha nikaingia Kitooro, mtaa wa sokoni, nikala sato wa kukaanga na matoke. Mama aliyeniandalia aliniita "ssebo" kwa heshima kiasi kwamba niliongeza kipande cha pili. Saa tisa kamili nilikuwa nimesharudi uwanjani.

Shemeji hakuwapo. Saa tisa na nusu, hakuna. Simu yake haipatikani, maana laini yake ya nyumbani haikuwa na huduma ya nje.

Yaliyomkuta nilihadithiwa baadaye. Owino alifika salama, akapata koti, la kijivu, kitambaa kizito, mtumba wa daraja la kwanza. Akapunguziwa bei. Akaongeza tai. Akatazama saa yake ya mkononi: saa nane. Akajiambia bado ana saa tatu nzima, akaagiza chai ile aliyoahidi. Kumbe saa ile aliirekebisha tokea Dar iende na Burundi, ambako wako nyuma yetu kwa saa moja, ili, kwa maneno yake mwenyewe, afike akiwa tayari. Uganda inakwenda sawa na Dar. Kwa Kampala ilikuwa saa tisa.

Alipogundua, teksi yake ilikuwa imesimama kabisa kwenye foleni ya magari. Akaruka, akapanda bodaboda, na bodaboda haziruhusiwi kwenye ile barabara ya kulipia. Wakapita ya zamani inayopita Kajjansi, koti likiwa begani linapepea. Kwenye geti la uwanja alishushwa apite kwa miguu kwenye ukaguzi, atake asitake. Hapo kulikuwa na foleni pia. Na mlango wa kupandia ndege hausubiri saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Hufungwa kabla yake. Mimi nilikuwa ndani, kiti cha dirishani, nikitazama upande wa lango kana kwamba ningeweza kumwona.

Ndege iliyofuata ilikuwa Jumapili. Jumamosi asubuhi nilikaa mkekani Buyenzi mbele ya wazee saba, bila barua, bila bahasha, nikiwaeleza kwa Kiswahili changu cha Dar kwamba mshenga yuko Kampala kwa sababu ya koti. Mzee mmoja aliniuliza, kwa upole sana, kama koti lenyewe lilikuwa zuri.

Shemeji aliwasili akiwa amelivaa. Wazee walipokea barua, wakatupiga faini ya kuchelewa, na wakaagiza alipe yeye.