Kabla ya Kuuliza Kama Inapanda

Sisi wa Mzinga tukizungumzia magari, swali la kwanza huwa ni kama gari linapanda. Tuna sababu. Ukiacha lami ukaelekea kwenye viwanja vilivyoegemea Milima ya Uluguru, unakanyaga udongo mwekundu ambao masika ikikolea hujaza tairi mpaka kashata hazionekani.

Jirani yangu anajenga huko juu. Ana Hilux ya zamani inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na tela alilochomelewa na fundi wa mtaani. Anapandisha saruji, na kwa kuwa hapendi kushuka mtupu, hurudi na mawe ya kuuza mjini. Sasa anataka kuuza kipande cha shamba aongezee apate foo-wili. "Mwalimu, wewe unaonaje?" aliniuliza. Nimelichukulia swali hilo kwa uzito, maana shamba likishauzwa ndiyo basi.

Foo-wili ina faida ya kweli. Kwenye tope, magurudumu ya nyuma yakianza kuzunguka bure, ya mbele bado yanavuta. Mwenye gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele anaumia zaidi: mkono wa tela unaukandamiza mkia wa gari, pua inakuwa nyepesi, na magurudumu yanayovuta ndiyo yanayokosa uzito. Pikapu ya jirani yangu iko upande wa pili wa hesabu hiyo. Tela likipakiwa vizuri, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake hukaa kwenye mkono na kuyaelemea magurudumu yale yale yanayosukuma. Njia ikiwa kavu, anapanda. Tena foo-wili za kizamani hazitakiwi kufungwa kwenye lami kavu, kwa sababu kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali sawa, na gia ndizo zinazoteseka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka angekuwa anabeba chuma cha ziada na kukilipia mafuta.

Lakini hayo yote ni ya kupanda. Mimi nina hofu na kushuka.

Chukua tani moja ya mawe, uzito wa mifuko 20 ya saruji. Kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kila mita 5, tani hiyo inalisukuma gari kwa nguvu ya karibu kilo 200, na tela la jirani yangu halina breki hata moja. Foo-wili haimwongezei breki, kwa kuwa breki za Hilux yake tayari zinashika magurudumu yote manne. Kitakachomfaa mteremkoni kwenye foo-wili ni gia ya "lo", inayoifanya injini yenyewe izuie mwendo. Hata hiyo, udongo ukiwa umelowa, tela linalosukuma kwa nyuma linaweza kuligeuza gari likakaa upande. Ulaya, tela la zaidi ya kilo 750 ni lazima liwe na breki zake. Malori yanayopita Msamvu yakitoka Iringa, mengi yakiwa dabo difu, yaani yenye ekseli mbili zinazosukuma, yana nguvu kuliko gari lolote la mtaani kwetu, na bado dereva anayejua kazi hushusha gia kabla hajaanza kuteremka mlima Kitonga.

Kwa sasa breki ya tela lile ni mpwa wake. Wakati wa kupanda, kijana hutembea nyuma ameshika kabari ya mti. Magurudumu yakiteleza, anainama na kuichomeka chini ya tairi, mikono yake ikiwa shubiri moja kutoka kwenye raba, na tani nzima ikiwa juu yake. Nimeliona hilo kwa macho yangu na sitaki kuliona tena. Foo-wili ingemfikisha jirani yangu juu zaidi, na kijana angebaki pale pale nyuma. Najua pia kwamba foo-wili inaheshimiwa mtaani, ilhali breki ya tela hakuna atakayeiona.

Angekuwa anabeba mboga za Mgeta ningemwambia auze shamba leo. Kabichi haisubiri tope likauke, na mkulima wa Nyandira, huko huko Mgeta, hawezi kuhifadhi mavuno yake mpaka masika ipite. Saruji ikiwekwa pakavu inasubiri. Mawe ndiyo kabisa.

Nimemshauri aanze na breki za tela, zile zinazojikaza tela linaposukuma gari, kisha tairi mpya za nyuma zenye kashata nene. Mvua ikinyesha abebe nusu ya mzigo, au aache jua liwake siku mbili tatu. Na kabari ikihitajika, ifungwe kamba na mti mrefu, kijana aisukume akiwa pembeni ya njia. Hili la mwisho sikumwachia achague, na nashukuru alikubali kabla sijamaliza kusema.