Nani Aandikwe? Kaya za Msaada wa Chakula Iringa na Mbeya

Chakula cha msaada hugawiwa kwa kaya, na kaya, kwa maana inayotumiwa katika sensa za Tanzania, ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Kipimo hicho kinafaa sana kwa kuhesabu watu. Kikipelekwa kwenye kugawa mahindi huzua swali ambalo dini zimehangaika nalo muda mrefu kabla ya serikali za leo: mwenye haki ya kusaidiwa ni kaya, au ni mtu aliyemo ndani yake? Iringa na Mbeya ni mahali pazuri pa kulichunguza swali hili, maana huko mhitaji anaweza kuwa jirani wa mlango wa pili na mtu mwenye magunia hadi darini.

Pamoja na Ruvuma na Rukwa, mikoa hiyo imehesabiwa kwa miongo mingi kuwa ghala la taifa, tangu Njombe ilipokuwa bado sehemu ya Iringa (hadi 2012) na Songwe sehemu ya Mbeya (hadi 2016). Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua huku mahindi ambayo baadaye husafirishwa kwenda mikoa yenye ukame. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza kwa udumavu: asilimia 56.9 ya watoto wenye umri chini ya miaka 5, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Udumavu si njaa ya kukosa ugali. Mara nyingi ni ugali mtupu, au mama anayeshinda shambani na mtoto anayelishwa mara mbili kwa siku. Lakini takwimu hiyo inatosha kuonyesha kwamba kaya yenye mahindi inaweza kuwa na mtu asiyeshiba, na orodha inayoishia kwenye jina la mkuu wa kaya haitamwona.

Zipo kaya zinazoishiwa kabisa. Nyingine ziko kwenye ukanda mkavu, kama tarafa ya Ismani kwenye njia ya Iringa kwenda Dodoma. Miaka ya 1950 na 1960 Ismani ilikuwa nchi ya wakulima wakubwa wa mahindi, na ugomvi wa ardhi na ujamaa ulikuwa mkali kiasi kwamba mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa huko na mkulima Saidi Mwamwindi siku ya Krismasi ya 1971. Leo Ismani hutajwa zaidi kwa uhaba wa mvua. Anayedhani njaa ni tabia ya watu fulani na aisome historia hiyo.

Nyingine ziko palepale penye mvua, ila hazina mikono. Utafiti wa 2011–12 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI yakifikia asilimia 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya kwa watu wa miaka 15 hadi 49, huku taifa likiwa na asilimia 5.1. Vifo vya miaka iliyotangulia dawa viliacha nyumba za bibi na wajukuu, bila mtu wa rika la kati. Uhamaji umeongeza nyumba za namna hiyo: vijana wameenda mjini, na wasichana wengi wa Iringa wameajiriwa kazi za ndani Dar es Salaam.

Kisha kuna kaya yenye nguvu lakini isiyo na akiba. Mvua za nyanda hizi ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Palizi huangukia Januari hadi Machi, wakati ambapo mahindi ya mwaka uliopita yanakwisha. Asiye na kitu huenda kupalilia shamba la mwenzake kwa ujira wa debe la mahindi. Debe ni kilo 18 hadi 20. Kaya ya watu watano wanaokula ugali kila siku haifiki nalo mbali. Wakati huohuo shamba lake mwenyewe linamezwa na majani, mavuno yanapungua, na Januari ijayo anarudi kwenye kibarua kilekile. Wengine humuuzia mlanguzi mahindi yangali machanga shambani. Mtu huyu anafanya kazi kuliko wote kijijini, na ndiye mgumu kuliko wote kuingizwa kwenye orodha, kwa sababu ana afya na ana jembe.

Orodha za wahitaji zina umri mrefu. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unaweka masharti ya kumwandikisha mjane: asiwe na umri chini ya miaka 60, na akiwa na watoto au wajukuu, hao ndio waanze kumtunza ili kanisa lisielemewe. Mkutano wa kijiji unaochagua walengwa wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), kabla ya dodoso kupita nyumba kwa nyumba, hukabiliwa na swali lilelile: huyu si ana watoto? Busara ya swali hilo inaeleweka. Udhaifu wake ni kwamba huhesabu undugu uliopo na kuacha undugu unaofanya kazi. Bibi mwenye mwana Dar es Salaam asiyetuma kitu ana hali mbaya kuliko aliyefiwa, kwani kifo cha mwanawe kingemfungulia mlango wa orodha.

Azimio la Arusha la 1967 nalo lina orodha yake. Lilikubali kwamba wanaoweza kuishi kwa jasho la wengine ni watoto wadogo, wazee, vilema, na wale ambao dola haijaweza kuwapatia kazi. Kundi hilo la mwisho halimo kwa Timotheo, nalo ndilo linalomkaribia kibarua wa Januari. Kwa bahati mbaya methali aliyoitumia Nyerere mwaka 1962, ya mgeni anayepewa jembe siku ya tatu, imekaa vinywani mwa watu kuliko kifungu hicho.

Uislamu unaanzia kwingine. Sura ya At-Tawba, aya ya 60, inataja makundi manane ya wanaopewa zaka, ya kwanza yakiwa mafakiri na maskini, na sura ya Al-Maarij inaiita sehemu yao katika mali ya tajiri kuwa haki, ya anayeomba na ya asiyeomba. Mtume alifundisha pia kwamba maskini hasa si yule anayezunguka akipewa tonge moja mawili, bali ni yule asiyetosheka wala hatambuliwi. Mafundisho hayo yanamrudishia mgawaji kazi ya kutafuta. Zaka ya fitri nayo huhesabiwa kwa kichwa, pishi moja kwa kila mtu, hata mtoto mchanga. Mkuu wa nyumba hutoa, lakini kila aliyemo amehesabiwa.

Wapo wanavijiji wanaokwepa swali zima kwa kugawa mahindi ya msaada sawa kwa sawa. Wasimamizi huuona huo kuwa uvunjaji wa utaratibu. Una hoja yake: misaada huja na kuondoka, majirani hubaki, na anayepewa peke yake leo huenda akanyimwa chumvi kesho. Lakini usawa huo hulipwa na bibi mwenye wajukuu wanne, anayeondoka na kilo tatu badala ya kumi na mbili, na si haki kumdai yeye bei ya amani ya kijiji.

Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970, ziko karibu zaidi na jiko la mtu: nyumba chache zinazosali pamoja hujua ni wapi hapajapikwa. Mpaka wake ni sala yenyewe. Asiyesali, au aliyehamia dhehebu jingine, hukosa anayemsemea. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasimulia kosa hilohilo huko Yerusalemu, pale wajane wenye kusema Kiyunani walipokuwa wakisahaulika katika ugawaji wa kila siku, na mitume wakaagiza wachaguliwe watu saba kusimamia kazi hiyo.

Mgeni ndiye anayebaki nje ya orodha zote za kijiji. Huko Mbarali, wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 walipoteza mifugo, malisho na makazi kwa pamoja. Ni hali ambayo Torati, inayomtaja mgeni sambamba na mjane na yatima, isingeona taabu kuitambua. Uteuzi wa kaya huanza na daftari la wakazi wa kijiji, na aliyehamishwa hana daftari la kutajwa ndani yake, huku wala kule anakopelekwa.