Mwachieni Mama Kiota: Je, ni halali kufuga na kuuza buibui?



Mwezi huu tunatafakari swali ambalo wengine watalicheka. Je, familia ya Kikristo inaweza kujipatia riziki kwa kufuga na kuuza buibui? Hatusemi wale wadogo wa darini. Tunasema wale wakubwa wenye manyoya wanaokaa mashimoni, wanaoitwa tarantula. Huku Malawi wenyeji humwita buibui yeyote kangaude, na wengi wetu tukimwona yule mkubwa tunatafuta kandambili.

Lakini Ulaya, Marekani na Asia wapo watu wanaomfuga nyumbani katika kisanduku cha kioo, kama wengine wanavyofuga samaki wa mapambo. Buibui wa Afrika Mashariki wanatafutwa sana huko: yule wa rangi ya chungwa anayejulikana kwa jina la Usambara, na yule mkubwa wa kahawia wa Kenya na Tanzania. Palipo na mnunuzi hupatikana mchuuzi, na palipo na mchuuzi hutafutwa kijana maskini wa kuchimba shimo. Kwa hiyo swali hili linaweza kufika mlangoni petu.

Kwanza tuondoe hoja moja isiyo na nguvu. Wapo watakaosema, "Ni mdudu wa kuchukiza, Mkristo hawezi kumgusa." Kuchukia kwetu si sheria ya Mungu. Kila mwaka mvua zikianza tunaokota kumbikumbi, tunawakaanga na kuwauza sokoni, na hakuna anayeona haya. Bwana Yesu alitaja shomoro waliouzwa kwa bei ya chini kabisa. Hakusema kuwauza ni dhambi, ila alifundisha kwamba hata ndege wa bei hiyo Baba anawajua. Hivyo kiumbe anaweza kuuzwa, naye bado ana thamani mbele za Mungu kuliko bei aliyopangiwa. Mambo hayo mawili tuyashike pamoja.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Buibui jike wa aina hii anaishi miaka mingi, wengine hupita miaka 20. Dume akishakomaa hana muda mrefu, hufa. Jike hutaga mayai ndani ya mfuko wa utando anaousuka mwenyewe, na mfuko mmoja unaweza kutoa watoto makumi au mamia, kulingana na aina. Watoto wakiachwa pamoja hulana, kwa hiyo kila mmoja anahitaji kikopo chake, chakula cha nyenje wadogo na maji kidogo. Ni wepesi wa kuumia: buibui mkubwa akianguka kutoka juu ya meza tumbo lake linaweza kupasuka akafa. Na wengi hukua polepole, miaka kadhaa kabla ya kuwa wakubwa.

Kwa hiyo mfugaji wa kweli ni mtu wa subira. Anatunza majike wachache, anangoja mayai, anauza watoto, na majike wanabaki kwake. Sasa akija mtu akasema, "Mimi ni mfugaji, nina buibui wakubwa 100, nimeanza mwezi uliopita," tujue hakuwafuga. Wamechimbwa porini, wakavikwa jina la kufugwa. Kuchimba ni rahisi kuliko kufuga, na hapo ndipo jaribu lilipo.

Biblia ina amri fupi inayosaidia hapa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mstari wa 6 na wa 7. Ukikuta kiota cha ndege, mama amelalia makinda au mayai, umeruhusiwa kuchukua wadogo, lakini mama mwachie aende zake. Na ahadi iliyofungwa kwenye amri hiyo ndogo ni kubwa: upate heri na siku zako ziwe nyingi.

Tuone hekima yake. Mungu hakumkataza mwenye njaa asile. Hakusema kiota ni kitakatifu, usikiguse. Alimpa chakula, akaweka mpaka. Wadogo ni mavuno, mama ndiye shamba. Anayechukua mavuno amekula leo. Anayechukua mama amekula leo yake, na kesho ya watu asiowajua.

Mpaka huu ulivunjwa nchini Kenya mwaka 2025, na habari yake ilienea duniani. Mwezi wa Aprili vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na siafu malkia wapatao 5,000. Hawa si wale siafu wanaouma watu usiku, ni jamii ya wale wanaokusanya mbegu. Walikuwa wamefungwa katika mirija midogo zaidi ya 2,000 iliyotiwa pamba ili waweze kukaa hai safarini. Mvietnam mmoja na Mkenya mmoja walishtakiwa pia, kwa kupatikana na mamia ya wadudu hao. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama iliwahukumu wote wanne kulipa faini ya shilingi milioni 1 za Kenya kila mmoja, au kufungwa miezi 12.

Mtu anaweza kusema, "Ni siafu tu, wako wengi." Lakini waliokusanywa ni malkia. Malkia mmoja ndiye mama wa kundi zima litakalozaliwa. Ukimtoa yeye umetoa maelfu ambao wangelima udongo na kutawanya mbegu. Na akifika nchi ya kigeni akatoroka, anaweza kuwa balaa kwa mashamba ya watu wa huko.

Msomaji makini atauliza, "Mbona nasi tunaokota kumbikumbi kwa ndoo? Nao si malkia wa kesho?" Ni swali zuri. Kumbikumbi hutoka kwa wingi mno, na walio wengi huliwa na ndege, vyura na kuku usiku huohuo. Sisi tunachukua sehemu yetu kwenye karamu hiyo, na mama mzee anabaki ndani ya kichuguu, mwakani atatoa wengine. Lakini anayemtafuta malkia aliyekwisha kupandwa anachagua yule mmoja ambaye angeanzisha kundi jipya. Na mtu akivunja kichuguu ili amtoe mama, hata kumbikumbi wamekuwa wizi. Amri ya kiota haituulizi tumeokota wadudu wangapi, inatuuliza kama mama amebaki.

Tena tuangalie faini ile. Ilikuwa sawa kwa wageni na kwa Mkenya. Lakini shilingi milioni 1 haina uzito sawa kwa kila mtu. Wako wanaoweza kupiga simu nyumbani na kutumiwa, na wako ambao kwao faini hiyo ni sawa na kifungo. Tuseme baba mmoja wa kambi yetu amekubali kuchimba buibui kwa ajili ya mchuuzi. Mnunuzi wa nje yuko mbali, mchuuzi hajulikani jina lake la kweli, na kwenye mfuko wenye makopo amekamatwa baba. Yeye aliyepata fedha ndogo kuliko wote ndiye aliyebeba hatari kubwa kuliko wote. Hapo ni lazima tuseme wazi kwamba dhambi kubwa iko kwa yule anayenunua njaa ya mwenzake.

Hata hivyo, si kila biashara ya wadudu ni mbaya. Huko Gede, karibu na Malindi, mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakati ule wakazi wengi waliuona msitu kama ardhi waliyonyimwa. Wakafundishwa kukamata vipepeo wazazi wachache, kuwaweka ndani ya kibanda cha wavu, kulisha viwavi majani yanayowafaa, na kuuza mabuu kwa nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Kwa kuwa majani na wazazi wanatoka msituni, mkulima amepata sababu ya kuutaka msitu ubaki. Mama amebaki kiotani, na mtoto wa mkulima amelipiwa ada.

Mradi wa namna hiyo ulianza pia Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, miaka ya mwanzo ya 2000. Lakini mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyama pori hai kwenda nje, baada ya malalamiko mengi ya utoroshaji. Katazo lile liliwagusa hata wafuga vipepeo, wakapoteza soko lao la nje. Tujifunze: mwizi wa porini hamwibii mnyama peke yake, anamfungia mlango na jirani yake mwaminifu.

Na huko Mexico, buibui mwenye magoti mekundu alichimbwa na kuuzwa sana nje ya nchi, hata mwaka 1985 akawekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Leo buibui wa aina hiyo wanaouzwa kihalali wanatokana na ufugaji. Kumbe inawezekana.

Sasa tufike kwenye hoja nzito kuliko zote, ambayo husemwa kwa sauti ya chini. "Mwandishi, hayo ni maneno ya mtu mwenye shamba. Mimi ni mkimbizi. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000, leo tumepita 50,000. Mgao umepungua. Sheria za nchi zinabana ajira na mwendo wetu. Mwaka 2023 wenzetu waliokuwa na maduka mjini waliamriwa kurudi kambini. Mama wa kiota akibaki, atanifaa nini mimi ambaye kesho huenda nitakuwa nchi nyingine, au bado niko hapahapa bila kitu? Mwenye njaa hana miiko."

Hoja hii hatuwezi kuijibu kwa mahubiri mepesi. Njaa inapunguza lawama. Anayemhukumu mwenye njaa huku yeye ameshiba, na ajihukumu kwanza. Lakini turudi kwenye amri ile tuisome polepole. Kiota kinachotajwa hakiko katika shamba la mtu. Ni kiota ulichokikuta njiani, juu ya mti au chini. Anayeambiwa ni mpita njia! Hakupanda ule mti, na huenda hatapita hapo tena. Na watu waliosikia maneno hayo walikuwa bado hawajavuka Yordani. Walikuwa watu wa mahema, baada ya miaka 40 ya kutangatanga, hawana hata kiwanja. Mungu hakungoja wapate ardhi ndipo awafundishe kuitunza. Aliwafundisha wakiwa safarini.

Basi amri hii ilisemwa kwa watu kama sisi. Anayepita anaweza kuacha mahali jinsi alivyopakuta, kwa ajili ya atakayepita nyuma yake. Na tusisahau, wako kati yetu waliofika hapa vijana na sasa wana wajukuu waliozaliwa Dzaleka. Tuliyemwita "atakayepita nyuma" huenda ni mtoto wetu mwenyewe.

Kwa hiyo tunasema nini? Kufuga buibui, vipepeo au kiumbe kingine na kuuza uzao wake si dhambi, ikiwa mambo manne yametimia. Kwanza, ruhusa. Malawi ina sheria ya hifadhi za taifa na wanyama pori ya mwaka 1992, ambayo marekebisho ya mwaka 2017 yaliongeza ukali wa adhabu. Kabla ya kushika kopo, ulizia kwenye idara ya wanyama pori, na upate jibu la maandishi. Maneno ya mchuuzi si kibali. Pili, mama abaki. Uza uliowazalisha, usiuze uliowachimba. Tatu, ukweli. Usiseme "amefugwa" kama ametolewa shimoni. Nne, huruma. Mithali sura ya 12 inamhesabia mwenye haki hata namna anavyomjali mnyama wake, na buibui aliyebanwa kwenye kopo siku nyingi bila maji naye yumo.

Kama moja la hayo halipo, acha. Kuku, sungura na njiwa wanajulikana soko lao, na hakuna atakayekufunga kwa kuuza kifaranga. Faida ni ndogo, lakini haba na haba hujaza kibaba, na usiku unalala.

Kwa wenye uwezo kati yetu, tuongeze neno moja. Kijana akikuambia amepewa kazi ya kuchimba mashimo, usianze na karipio. Muulize nyumbani wamekula nini. Kanisa linalokataza kazi mbaya lina deni la kusaidia kutafuta iliyo njema.

Maswali ya kujadili katika jumuiya na nyumbani:

1. Katika kazi tunazofanya sasa, kuni, mkaa, samaki, mchanga, "mama wa kiota" ni nani, na je, tunamwachia?

2. Ni nani katika biashara zetu anayebeba hatari kubwa na kupata faida ndogo?

3. Jirani akikataa fedha mbaya leo jioni, sisi tutamsaidiaje kesho asubuhi?

Mungu awabariki, na azibariki kazi za mikono yenu.